Figo la Shangazi na Sukari ya Chiriku

Wanafunzi wake wa udereva walimwita Mwalimu Breki, na jina hilo alilipata kihalali. Gari la mafunzo huwa na pedali mbili za breki, moja ya mwanafunzi na moja ya mwalimu, na kwa miaka kumi na tisa mguu wa mwanamke huyu haukuwahi kuiacha ile ya upande wake hata kwa dakika moja. Ilimwingia damuni kiasi kwamba hata akiwa sebuleni kwa watu, akisimuliwa habari ya kutisha, ungeuona mguu ukilikanyaga zulia. Alikuwa mfupi, ana miaka arobaini na mitatu, na kicheko chake kilikuwa kikipiga hodi kabla yeye mwenyewe hajafika mlangoni.

Hakujaliwa mtoto wa kumzaa, ila alikuwa na Chiriku, na Chiriku mmoja alitosha kujaza nyumba tatu. Huyu alikuwa binti wa kaka yake, mwenye miaka kumi. Alianza kusema kabla ya kutembea, na tangu hapo hakufunga kinywa ila kwa kutafuna. Bahati mbaya mafigo yake yalikuwa madogo tangu kuzaliwa, na yalichoka mapema. Kwa miaka miwili alikuwa akiunganishwa na mashine ya kusafisha damu mara tatu kwa wiki, na pale kwenye kiti cha mashine aliwasimulia wauguzi mambo yote ya nyumbani kwao, yakiwemo yale ambayo mama yake angetamani yabaki nyumbani.

Mama huyo alikuwa fundi wa kushona mapazia, na kwa Mwalimu Breki alikuwa wifi. Mawifi hawa walipendana kwa umbali wa ngazi mbili, kwa sababu shangazi aliishi ghorofa ya kwanza na kaka yake na familia ghorofa ya tatu ya jengo lilelile. Wakikutana kwenye ngazi walisalimiana kwa adabu yenye miiba. "Wifi, naona gari lako limepata mkwaruzo mwingine." "Ndiyo wifi, na naona lile pazia lako bado linaning'inia upande."

Kilichowatesa wote kwenye ile miaka miwili kilikuwa maji. Mtoto ambaye mafigo yake hayafanyi kazi hapewi maji ovyo, maana hayana pa kutokea. Wifi alimpimia Chiriku kwa kikombe cha kahawa, na mtoto alinyonya vipande vya barafu kama peremende. Haja ndogo ilipungua ikawa matone, na mwishowe matone nayo yakakata. Mtu asiyelipitia jambo hilo hawezi kujua jinsi nyumba nzima inavyoweza kulilia kitu ambacho watu wengine wanakimwaga bila kukifikiria.

Baba Chiriku alipopimwa ili atoe figo, presha yake ilimkatalia. Mama alipimwa, damu ikagoma. Mwalimu Breki akapimwa, ikaingia kama mguu na kiatu chake.

"Nitaendelea kukanyaga breki?" lilikuwa swali lake la kwanza kwa daktari wa figo.

"Utaendelea," alisema daktari.

"Basi chukueni la kushoto. Hili la kulia liko upande wa kazi."

Daktari alikuwa mwanamume mwembamba ambaye hajulikani kwa kucheka, lakini siku hiyo alilazimika kujifanya anakohoa.

Shangazi alipozinduka baada ya upasuaji, mtu wa kwanza kumwona alikuwa wifi yake, ameinama juu ya kitanda, kofia ya hospitali imemkaa upande.

"Wifi," alinong'ona mama huyo, "Chiriku amekojoa."

"Mwingi?"

"Mfuko umejaa. Wameubadilisha mara mbili."

Wakaanza kulia, halafu sijui nani alianza kucheka, wakacheka hadi Mwalimu Breki akashika ubavu na kuomba msamaha wa Mungu. "Toka hapa, wifi, nyuzi zitaachia." Wifi hakutoka. Tangu siku hiyo ile miiba ya kwenye ngazi ilianza kudondoka mmoja mmoja.

Basi mkojo ukawa ndiyo habari ya mjini. Hospitali iliwapa daftari la kuandika mtoto amekunywa kiasi gani na ametoa kiasi gani, na wifi aliliandika kwa mwandiko mzuri kuliko ule wa kadi zake za harusi. Kila Chiriku alipotoka chooni alifungua dirisha la ngazini na kutangaza kwenda chini: "Shangazi, nimekwenda." Kutoka ghorofa ya kwanza sauti ilimjibu, "Hongera mwanangu." Jirani wa ghorofa ya pili, ambaye mwanzoni alidhani wamerukwa na akili, baada ya wiki moja naye alikuwa akiitikia hongera.

Mwalimu Breki aliporudi kazini aliwapa wanafunzi taarifa za figo pamoja na maelekezo ya barabara. "Ingia gia ya pili. Taratibu. Leo figo langu limetoa mara tano kabla ya saa sita. Angalia kioo." Mwanafunzi mmoja, mhasibu mwenye haya nyingi, alipanda ukingo wa barabara kwa kuchanganyikiwa. Mwalimu alikanyaga breki, akampigapiga bega, akamwambia asijali, hata yeye habari hiyo humpandisha ukingo.

Mwezi wa tatu baada ya upasuaji ulipoanza, hesabu ilipanda. Tano zikawa sita, sita zikawa saba kabla ya adhuhuri. Na kiu je? Mtoto aliyekuwa akihesabiwa vikombe vya kahawa sasa alikunywa kama mchanga. Madaktari walikuwa wamesema anywe sana, kwa hiyo kila aliyemwona anakunywa alimpigia makofi. Majirani walileta juisi, wengine soda, na Chiriku hakumvunja mtu moyo. Dawa zake pia zilimpa hamu ya kula na mashavu ya mviringo kama maandazi mawili, hivyo alipendeza machoni pa watu.

Vilikuwepo vitu vingine vidogo. Kope ya jicho la kushoto ilikuwa ikimcheza, wakamwambia atapata mgeni. Misuli ya miguu ilimkaza akipanda ngazi, wakasema anarefuka. Mkono ulitetemeka akiandika, na mwandiko wake ukawa kama kuku aliyekanyaga wino akapita kwenye karatasi. Chiriku mwenyewe aliona fahari. "Naandika kama daktari," alisema. Watu waliokuwa wamezoea kuogopa kila kitu walikuwa wamepata ruhusa ya kutoogopa, na ruhusa hiyo waliitumia yote.

Siku ya kliniki, wifi alikuwa na mapazia ya ukumbi mzima ya kumaliza, kwa hiyo shangazi ndiye aliyempeleka mtoto. Kwenye korido ya kungojea hakukaa kimya. Alimsimulia mama wa kulia kwake, akamsimulia baba wa kushoto, na walipoitwa kutolewa damu akaendelea palepale kwa muuguzi.

Muuguzi huyu wote walimwita Sista Polepole. Hakuwa mzito, ila hakuna kitu duniani kilichoweza kumfanya aharakishe. Alifunga mpira kwenye mkono wa Chiriku, akaupapasa mshipa, akasikiliza.

"Saba," Mwalimu Breki alikuwa akisema. "Saba kabla ya adhuhuri, Sista. Kuna watu wazima wenye mafigo mawili ambao hawafiki hapo."

"Saba," alisema Sista Polepole. "Na kunywa anakunywaje?"

"Ukimwekea ndoo anamaliza."

"Jicho hili limeanza kucheza lini?"

"Hilo? Lina wiki mbili. Anangoja mgeni."

Sista hakucheka. Alichukua kile kimashine kidogo cha kupima sukari, akamchoma Chiriku ncha ya kidole, akakisubiri kitoe jibu, akalitazama, kisha akalitazama tena. Mguu wa Mwalimu Breki ulikuwa umeshakanyaga sakafu.

"Amekula nini asubuhi?"

"Mkate," alisema Chiriku. "Na juisi. Na ile juisi nyingine."

Walingojeshwa saa mbili hadi majibu ya damu yatoke, na kwa hizo saa mbili korido ile ilipata utulivu ambao haijawahi kuuona mtoto huyo akiwemo. Halafu daktari akawaita, akaziweka karatasi mezani na kuzinyoosha kwa kiganja.

"Nianze na jema," alisema. "Figo linafanya kazi vizuri sana. Sina la kulilaumu. Lakini huu mkojo mwingi wa siku hizi si sifa ya figo peke yake. Sukari imepanda kwenye damu. Ikizidi humwagika kwenye mkojo, na ikimwagika huvuta maji nyuma yake. Ndiyo maana anakwenda sana, na ndiyo maana ana kiu."

Mwalimu Breki alilipanga jambo hilo kichwani.

"Kwa hiyo, daktari, mimi nimekuwa nikishangilia sukari."

"Kwa wiki mbili hivi, ndiyo."

"Na jirani wa ghorofa ya pili naye."

"Huyo simjui."

Hapo kicheko kilimponyoka. Hakikuwa cha furaha kamili, kilikuwa na hofu ndani yake, lakini kilitoka na machozi na hakikuweza kusimamishwa. Chiriku alimwangalia shangazi yake, akajaribu kujizuia, akashindwa. Daktari aliwangoja, kama mtu anayesubiri treni ipite.

"La pili," aliendelea walipotulia, "ni magnesiamu. Ni madini ambayo mwili unayahitaji kwa misuli, kwa mishipa ya fahamu, kwa mambo mengi. Yake iko chini. Hiyo ndiyo inayomchezesha kope na kumkaza miguu, na mkono kutetemeka nadhani inachangia pamoja na dawa. Dawa yenyewe inayouzuia mwili usilikatae figo ndiyo yenye tabia hizo. Inapandisha sukari, na inalifanya figo limwage magnesiamu."

"Figo langu linamwaga?" Hili lilimgusa pabaya. "Daktari, nimekaa nalo miaka arobaini na mitatu, halijawahi kumwaga kitu cha watu."

"Dawa ndiyo inayolituma."

"Labda ni ugeni," alisema Chiriku. "Bado halijajua vitu vinakaa wapi."

Daktari aliufikiria mchango huo kwa heshima. Akawaeleza kwamba watoto waliopandikizwa figo wakawa na magnesiamu ya chini wameonekana kupata shida ya sukari zaidi ya wenzao. Mwili hutumia magnesiamu katika kazi ya insulini, na insulini ndiyo inayoifungulia sukari mlango itoke kwenye damu na kuingia mwilini kufanya kazi. Madini yakipungua, mlango unakuwa mzito. "Lakini nani anamvuta mwenzake, upungufu au sukari, wataalamu bado wanabishana," alisema. "Siwezi kukuahidi kwamba vidonge vya magnesiamu vitakifukuza kisukari. Ninachoahidi ni kwamba upungufu tutaurekebisha, na sukari tutaifuatilia mapema."

"Nina kisukari?" Chiriku aliuliza. Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo kusema kwa sauti ya chini.

"Leo sukari yako imefika mahali pa kisukari. Inawezekana ni mgeni wa kupita, inawezekana ni mpangaji. Hatutajua hadi tupunguze ile dawa kidogo kidogo, bila kulihatarisha figo. Sasa hivi tunataka urudi nyuma kutoka hapo ulipofika."

Mwalimu Breki alijifuta macho, akaketi wima. "Kurudi nyuma nafundisha mimi," alisema. "Tuambie tuanzie wapi."

Walianzia kwenye chungwa. Chiriku alihitaji insulini kwa muda, na Sista Polepole aliwafundisha kuchoma sindano kwa kutumia chungwa lililokuwa mezani kwake. Hapo ndipo ilipogundulika kwamba mwanamke aliyekwenda kutolewa figo huku akitania hawezi kuitazama sindano ikiingia kwenye tunda. Alifumba macho na kuchoma meza. Chiriku akaichukua sindano mkononi mwake, akalichoma chungwa sawasawa, mara tatu, kisha akamtuliza: "Shangazi, vuta pumzi. Halisikii."

Kazi ngumu kuliko sindano ilikuwa kumwambia wifi. Mwalimu Breki alimpeleka mtoto kwa baba yake, akaenda peke yake kwenye karakana ya mapazia, njia nzima akipanga maneno. Alijua mtu akiwa na uchungu hutafuta pa kuutua, na figo lilikuwa lake. Alimkuta wifi katikati ya mita nyingi za kitambaa chekundu, pini mdomoni. Akamweleza yote bila kupumua: sukari, magnesiamu, figo kumwaga, saba kabla ya adhuhuri.

Wifi alizitoa pini moja moja, akazichomeka kwenye kitambaa.

"Zile juisi mbili za asubuhi," alisema, "ya pili nampa mimi. Nakuwa nimeshampa ya kwanza, halafu ananitazama na yale mashavu, nasema miaka miwili huyu mtoto amenyonya barafu. Nampa nyingine. Nilikuwa nakuficha wewe, wifi, maana wewe ndiye mwenye figo."

"Mimi nilimpa soda kwenye gari," alisema Mwalimu Breki. "Jumatatu. Na Alhamisi."

Wakatazamana. Wifi ndiye aliyeanza safari hii, bega likatikisika, kisha lingine, na wote wawili wakaishia sakafuni ndani ya kitambaa chekundu, wakicheka na kulia kwa zamu, hadi mwenye karakana akachungulia kuona kama kuna aliyejichoma.

Wiki zilizofuata zilikuwa za kuchekesha kuliko walivyotarajia. Vidonge vya magnesiamu vilikuwa vikubwa, na vilitakiwa kukaa mbali na dawa nyingine kwa saa mbili, hivyo wifi alichora ratiba kwenye kipande cha kitambaa cha pazia na kuitundika jikoni. Vidonge hivyo pia vililainisha tumbo kupita kiasi. Siku ya tatu dirisha la ngazini lilifunguliwa kama kawaida. "Shangazi, nimekwenda," ilisema sauti, "ila leo ni ile nyingine." Kutoka ghorofa ya pili jirani aliuliza kwa upole kama hii nayo ni ya hongera. Sista Polepole alipigiwa simu, akamwuliza daktari, wakavigawa vidonge vidogo vidogo kwa siku nzima, na tumbo likapata adabu.

Juisi na soda zikafungiwa nje. Majirani waliambiwa mwenye mapenzi na mtoto alete mbegu za maboga, zenye magnesiamu, na walizileta nyingi mno. Mtaalamu wa lishe aliyatazama majibu ya damu kwanza, kisha akaruhusu maharage, mboga za majani na karanga kwa kiasi. Chiriku alilalamika kwamba sasa anakula kama ndege mwenye jina lake. Kila jioni shangazi na yeye walipanda na kushuka ngazi zote za jengo mara nne, Chiriku akitangulia na kusimulia, Mwalimu Breki akifuata na kuhema, mkono kwenye kovu lake. Ghorofa ya pili walipewa maji.

Daktari alipunguza ile dawa kwa hatua ndogo kama mtu anayeshusha mtoto aliyelala kitandani. Kila wiki damu ilitolewa kuhakikisha figo halijakasirika. Halikukasirika. Wiki ya pili kope ilitulia, na Chiriku alikaa mbele ya kioo dakika nzima akiingoja icheze. Wiki ya nne mwandiko wake ulisomeka, jambo lililomhuzunisha kidogo. Insulini ilipungua nusu, ikapungua tena, na wiki ya sita wakaitwa wote watatu, wifi naye safari hii, ameacha mapazia ya watu yakimngoja.

"Sukari imeshuka na imekaa wiki nzima bila sindano," alisema daktari. "Magnesiamu imepanda. Haijafika katikati ya kipimo, iko ukingoni kwa ndani, na huenda itahitaji vidonge kwa muda mrefu. Hatari bado ipo, kwa hiyo vipimo haviishi, na kiu ikirudi hamngoji siku ya kliniki. Lakini leo, mgeni ameaga."

 Mwalimu Breki alinyanyuka, akamkumbatia daktari juu ya meza pamoja na kompyuta yake, na wifi akamkumbatia Sista Polepole, ambaye alilipokea kumbatio hilo bila haraka, akalimaliza lote.

Karatasi ya majibu alipewa Chiriku aibebe. Kwenye lifti kulikuwa na watu saba wasiomjua, nao hawakuwa na pa kukimbilia. Aliwasomea kipimo kimoja baada ya kingine, akieleza kila kimoja ni nini na kinapaswa kuwa wapi, akaingia kwenye magnesiamu kwa kirefu, akafika kwenye insulini na ule mlango. Bwana mmoja aliyebeba maua alimwuliza swali zuri sana kuhusu mbegu za maboga. Mama yake na shangazi yake walikuwa wameegemeana pembeni, wameshikana mikono, wanatetemeka kwa kicheko walichokibana, na mlango ulipofunguka wote watatu walitoka wakicheka, wakatembea hadi mwisho wa korido ndipo wakagundua kwamba wameteremka kwenye ghorofa ya wodi ya wazazi, ambako muuguzi wa mlangoni alikuwa akiwauliza kwa upole ni nani kati yao aliyeshikwa na uchungu.